Paka anakojoa hovyo kitandani, nimtie adabu vipi?

Kobe Mpole: Wakuu, habari za muda huu. Nina paka mkubwa tu, ameshazoea nyumba, haja zake zote alikuwa anamalizia kwenye beseni la mchanga. Ghafla kageuka. Kitandani anakojoa, kwenye zulia anakojoa, jana nimemkuta kachuchumaa ndani ya sinki la bafuni. Nimemsuguisha pua kwenye mkojo wake mwenyewe, hasikii. Naomba mbinu za kumnyoosha. Matusi sitaki, mawazo niliyonayo yananitosha.

Jogoo la Shamba: Siti ya mbele. Paka kashakupima, kaona mwenye nyumba ni yeye.

Mama Pacha: Pua kwenye mkojo? Acha kabisa. Paka haunganishi kosa la saa iliyopita na adhabu ya sasa, anachojifunza hapo ni kukuogopa wewe. Kiumbe cha Mungu hicho, utaulizwa. Wangu aligoma nilipomletea mchanga wenye manukato. Nikarudisha ule wa zamani, nikawa nazoa uchafu kila siku, akatulia. Na beseni usiliweke jirani na sahani yake ya chakula, hata wewe usingekubali.

Msomaji Kimya: Mabeseni yawe idadi ya paka, ongeza moja. Alipokojoa usisafishie dawa yenye amonia, kwake inanuka kama mkojo, atarudi palepale.

Jogoo la Shamba: Mimi nilikuwa naye mmoja anakojolea viatu vya shemeji tu, vingine vyote salama. Shemeji alipohama, paka akaacha. Sijapata tena paka mwenye akili vile.

Nesi wa Mifugo: Mkuu, kabla ya adabu: dume au jike? Na akichuchumaa yanatoka mengi au matone?

Kobe Mpole: Nashukuru kwa michango. Ya mchanga nimeyachukua, kesho nabadilisha.

Nesi wa Mifugo: Hujajibu.

Kobe Mpole: Dume, kahasiwa. Kiasi sasa mimi nitajuaje, nikamchungulie chooni? Ni matone. Anachuchumaa weee, anatoka, anarudi, analia kidogo. Ya kitandani yalikuwa na wekundu kwa mbali. Ila leo tangu asubuhi shuka kavu, naona anapata nafuu. Nimeshasaga nusu kidonge cha parasetamoli nimchanganyie kwenye chakula, tuone hadi kesho kutwa.

Nesi wa Mifugo: USIMPE! Ini la paka haliwezi kuvunja parasetamoli kama letu. Damu inashindwa kubeba oksijeni, ufizi unageuka kahawia, anakufa. Na shuka kavu si nafuu, huenda hana tena pa kutolea. Mrija wa mkojo wa dume ni mwembamba, chembechembe na ute vinauziba. Hapo potasiamu inapanda kwenye damu hadi moyo unasimama. Siku moja mbili zinatosha. Daktari wa wanyama, sasa hivi.

Kobe Mpole: Nusu tu jamani, hata mtoto mdogo anapewa. Na kumbeba usiku huu ni kumtesa bure. Si bora asubuhi?

Mama Pacha: Mtoto mdogo si paka. Ukitaka kufuga, kubali na usumbufu wake.

Kitasa: Wakuu punguzeni jazba, hii ni chai. Mleta mada huyuhuyu majuzi alifungua uzi anaulizia dawa ya panya, akasema paka hafugi kwa sababu manyoya yanamwamshia pumu. Leo ana paka "ameshazoea nyumba"? Weka picha.

Jogoo la Shamba: Chai ya moto. Leteni vikombe.

Mama Pacha: Na mimi nimekaa naandika insha nzima!

Kobe Mpole: Si chai. Paka ni wa dada yangu, kasafiri kaniachia. Kwa ajili ya hiyo pumu nimemfungia chumba kimoja. Dada sijamwambia, yule paka anampenda kuliko sisi ndugu zake, angekatisha safari. Nilitaka apone kimyakimya.

Nesi wa Mifugo: Chai au si chai, jibu langu ni lilelile. Mpeleke, tumbo usimminye, kibofu kilichojaa kinaweza kupasuka. Dada mpigie mkiwa njiani, daktari atauliza historia ambayo wewe huna.

Kitasa: Picha bado.

Kobe Mpole: Tuko kwa daktari. Kibofu kigumu kama chungwa. Kamlaza usingizi, kapitisha mpira, mkojo umetoka na damu. Analazwa. Dada nimempigia, neno alilosema ni moja tu: "Nipe daktari."

Msomaji Kimya: Kuziba huwa kunarudi. Akitoka mpe chakula chenye majimaji, maji mwekee sehemu zaidi ya moja. Kufungiwa na kuachwa na mwenyewe nako kunachangia, paka akiwa na wasiwasi kibofu kinavimba. Mfungulie huo mlango, pumu tafutia dawa yako.

Kitasa: Haya, nimeondoa neno chai. Kwa sasa.

Jogoo la Shamba: Swali la pembeni wakuu. Wangu anapenda sana kuchezea nyuzi za cherehani. Anaupendea nini uzi?

Nesi wa Mifugo: Amemeza?

Jogoo la Shamba: Nimeuliza anaupendea nini.