Hundi imerudi: niende polisi au mahakama ya madai madogo?

Habari zenu wanajamii. Nina hadiwea Kondele, Kisumu. Mwezi wa pili mteja wangu wa miaka mitatu alichukua saruji na mabati ya shilingi 340,000 kwa jina la kampuni yake, akaniachia hundi ya tarehe ya mbele, wiki tatu. Siku ilipofika nikaipeleka benki, ikarudi. Akaunti haina pesa. Tangu hapo simu hashiki.

Nimeenda kituoni, afisa akanieleza kuwa hilo ni deni, niende mahakamani. Jirani yangu sokoni naye anasisitiza kutoa hundi isiyo na pesa ni jinai. Nimesoma kifungu cha 316A cha sheria ya adhabu, na kweli kinataja kosa hilo, ila kinasema hundi ya tarehe ya mbele haihesabiwi. Hapo ndipo nilipokwama.

Najua mahakama ya madai madogo husikiza madai yasiyozidi milioni moja na inatakiwa kumaliza ndani ya siku 60. Hilo linanivutia, maana mtaji wangu ndio huo, na karo ya watoto inanisubiri.

Wenye ujuzi, nishaurini: nishtaki kampuni peke yake, au mkurugenzi aliyetia sahihi pia? Na nikifungua madai, naweza bado kushtaki kwa udanganyifu iwapo alijua tangu mwanzo hatalipa? Karatasi za kupokea mzigo zenye sahihi yake ninazo zote.