Oda moja inaingia mara 2 kwenye vitabu, nakosea wapi?

Wakuu habari, nimeandika kiskripti cha Python kinapokea webhuku (taarifa ambazo duka linatuma lenyewe oda ikiingia) za duka la mtandaoni kisha kinatuma invoisi kwenye programu ya uhasibu kwa API (njia ya programu kuongea na programu nyingine), sasa oda moja imeingia mara 2 na mauzo hayalingani na hela iliyofika benki, nimekodoa macho mpaka basi.

Jibu: Mkuu webhuku hurudiwa, seva yako ikichelewa kujibu 200 (kodi ya "nimepokea") duka linadhani hujapata linatuma tena. Iweke kwenye foleni, jibu 200, ndo uchakate taratibu. Na ID ya oda usiiruhusu kujirudia kwenye databesi.

Jibu: Benki haitalingana hata siku moja, wanaokupokelea malipo ya mtandaoni wanakata makato kwanza. Umeuza 100 wakakata 3, benki unaona 97. Fungua akaunti ya kati, mauzo yapitie humo, makato yaende gharama, hela ikifika benki hiyo akaunti irudi sifuri. Isiporudi huenda kuna refandi (hela uliyomrudishia mteja) umeisahau (mi ilinitesa wiki nzima).

Jibu: Na msitumie floti (namba za desimali ambazo kompyuta inazikadiria) kwenye hela jamani, 0.1 + 0.2 inakupa 0.30000000000000004 😂 tumia Decimal ya Python, hiyo inahesabu desimali sawasawa

Muuliza: Duh, kumbe nilikuwa nachakata kwanza ndo najibu! Nageuza sasa hivi.