Kaskazini ya mbali ya Kanada: kliniki ya kila mwaka au mchanjaji wa kijijini?

Mtafiti_Mifugo aliuliza:

Habari zenu, ndugu wanajukwaa. Ninaandaa mada kuhusu huduma za afya ya wanyama kaskazini ya mbali ya Kanada, na kuna jambo linanitatiza. Nunavut, eneo kubwa la kaskazini linalokaliwa zaidi na Wainuiti, wenyeji wa asili wa huko, ina makazi 25 ambayo hayaunganishwi na barabara, si baina yao wala na kusini mwa nchi, kwa hiyo daktari na vifaa vyake vya upasuaji hufika kwa ndege. Makazi mengi hayana daktari wa mifugo anayeishi hapo. Kundi la wataalamu hutua, huchanja, huhasi, hutoa dawa za minyoo, kisha huondoka. Chuo Kikuu cha Calgary nacho hupeleka wanafunzi wake wa udaktari wa mifugo eneo la Sahtu, Northwest Territories (eneo jirani, magharibi ya Nunavut), kwa utaratibu kama huo. Je, fedha hizo zisingeleta faida zaidi zikitumika kuwafunza wakazi wenyewe? Nauliza kwa sababu ripoti nyingi ninazozipata zimeandikwa na hao hao waliopanda ndege.

Daktari_Mstaafu alijibu:

Ndugu Mtafiti, tuanze na kichaa cha mbwa, maana ndicho kinachoamua hesabu nzima. Pale ambapo mbwa mwenyewe ndiye anayehifadhi virusi, Shirika la Afya Duniani linashauri kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa, na kampeni zikirudiwa ipasavyo maambukizi hukatika. Aktiki, yaani eneo la baridi la kaskazini ya mbali, haiko hivyo. Huko virusi huishi kwa mbweha wa aktiki, na hata ungechanja kila mbwa wa kijiji leo, mbweha mgonjwa anaweza kuingia kesho akifuata mabaki ya windo. Mbweha hao hawajui mpaka: mwaka 2018 jike mmoja aliyevishwa kifaa cha satelaiti alitoka Svalbard, Norwei, akafika kisiwa cha Ellesmere, Kanada, akiwa ametembea kilomita 3,506 kwa siku 76. Kusini mwa jimbo la Ontario, ambako virusi hivyo viliteremka miaka ya 1950, serikali ilianza mwaka 1989 kudondosha kwa ndege chambo zenye chanjo na ikafanikiwa sana. Nunavut ina takriban kilomita za mraba milioni 2. Sioni ni nani atakayeitandazia chambo.

Kwa hiyo mbwa aliyechanjwa ni ukuta kati ya mbweha na mtoto anayecheza nje, na ukuta huo unabomoka kila mbwa mzee anapokufa na mtoto wa mbwa anapozaliwa. Chanjo hii kwa kawaida hutolewa mtoto wa mbwa anapofikisha miezi mitatu. Kliniki ikija Juni, waliozaliwa Mei ni wadogo mno, na watakaozaliwa Agosti hawapo kabisa. Wote wataingia majira ya baridi bila kinga. Ndiyo maana Northwest Territories, Nunavut na Nunavik (kaskazini mwa jimbo la Quebec) zimewafunza watu wasio madaktari kuchanja mbwa. Kwa maoni yangu mchanjaji huyo ndiye huduma yenyewe, na kliniki ya ndege ni nyongeza.

Msaidizi_wa_Upasuaji alijibu:

Daktari, shikamoo. Kuhusu chanjo sina la kupinga, lakini naona kliniki umeishusha mno. Mchanjaji hawezi kumpa mbwa nusu kaputi na kumtoa kizazi, na bila kupunguza uzazi atakimbizana na watoto wapya kila mwaka hadi achoke. Udhaifu wa kliniki uko baada ya ndege kuruka. Mshono ukifumuka siku ya nne, nani ataufunga? Hapo ndipo simu inapookoa maisha: kitivo cha tiba ya wanyama cha Chuo Kikuu cha Montréal, kilichoko Saint-Hyacinthe, kimekuwa kikitoa ushauri kwa simu kwa vijiji 14 vya Nunavik. Ugumu mwingine ni wa kisheria, kwa kuwa leseni ya daktari wa mifugo hutolewa na jimbo, na kumwandikia dawa mnyama wa jimbo jingine ambaye hujawahi kumpima kunaweza kukuletea kesi.

Bi_Historia alijibu:

Mmezungumzia sindano bila kuuliza imeshikwa na nani. Kati ya miaka ya 1950 na 1970 mbwa wengi wa kuvuta sleji wa Wainuiti waliuawa, baadhi kwa risasi za polisi, na familia zikapoteza usafiri na njia ya kuwinda. Tume ya Ukweli ya Qikiqtani, mkoa mmoja wa Nunavut, iliandika habari hizo katika ripoti yake ya mwaka 2010. Quebec iliwaomba radhi watu wa Nunavik mwaka 2011 na kulipa dola milioni 3. Serikali kuu ilifuata Novemba 2024 kwa dola milioni 45. Mzee aliyeshuhudia hayo akimwona mgeni anahesabu mbwa mtaani, ana haki ya kuuliza orodha hiyo ni ya nini. Jirani yake anayezungumza Inuktitut, lugha ya Wainuiti, hatahitaji kujieleza kwa muda mrefu hivyo.

Mtafiti_Mifugo aliuliza tena:

Nashukuru sana. Na mpango wa Ontario wa kusomesha madaktari wa mifugo wa kaskazini, uliotangazwa mwaka 2023, hautabadilisha hali?

Daktari_Mstaafu alijibu:

Marahaba, Msaidizi, hoja ya uzazi naikubali. Mtafiti, mpango huo wa vyuo vikuu vya Guelph na Lakehead una nafasi 20 kwa mwaka, na wanafunzi huanzia Thunder Bay kabla ya kumalizia Guelph. Ni jambo jema, hasa kwa wafugaji wa ng'ombe. Hata hivyo Thunder Bay iko kwenye barabara kuu, na mhitimu mwenye deni la masomo hawezi kuishi kwa kutibu mbwa wa kijiji chenye watu mia chache tu. Katika mada yako ningeanza na bajeti: mchanjaji analipwa na nani kwa saa zake, nani anamfundisha mrithi wake akihama, na shehena ya chanjo inapokelewa na nani uwanjani, maana chanjo hii inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na huko kinachoiharibu kwa urahisi ni kuganda.