Mafundi, mnauza pampu za mafuta bure! Gari ikigoma kuwaka ikiwa ya moto, pimeni sensa ya kranki kwanza

Wakuu, huu mchezo umezidi. Gari imetoka Mbezi hadi Posta kwenye foleni bila tatizo, imezimwa dakika kumi tu, ukirudi stata inapiga vizuri, injini haiwaki. Fundi anakuja, anasikiliza, "pampu imekufa hii." Pampu inafungwa, gari inawaka, hela inatoka. Keshokutwa ugonjwa ni uleule.

Kilichowasha gari si pampu jamani, ni ile nusu saa ya kung'oa siti ya nyuma kuifikia pampu! Injini ilipoa. Sensa ya kranki, ile inayoiambia kompyuta ya gari kwamba injini inazunguka, imekaa kwenye bloku, na ukizima injini maji hayazunguki tena, kwa hiyo joto lote linaishia hapo. Koili ya ndani ya sensa (waya mwembamba uliozungushwa) ikichoka inaachana ikipata moto, ikipoa inashikana. Bila ishara yake kompyuta ya gari haitoi moto kwenye plagi, haifungui nozeli, na kwenye gari nyingi inainyima umeme hata hiyo pampu mnayoisingizia.

Mashine ya kupimia mnazo. Gari ikiwa bado imegoma, chomeka, soma RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) huku mwenzako anapiga stata. Inatakiwa ionyeshe kama 150 hadi 250. Ikiganda kwenye 0, shika sensa na waya zake kabla ya kitu kingine chochote. Msisubiri P0335, kodi ya hitilafu ya sensa hiyo, ijiandike, mara nyingi haijiandiki. Huna mashine? Bandika kitambaa chenye maji baridi kwenye sensa dakika tano. Ikiwaka, mchawi ndiye huyo.

Plagi zikitoka zimelowa petroli, hapo ni habari nyingine: pima sensa ya joto la maji. Nyingi husoma omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, na 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80. Omu zikibaki juu wakati injini ina moto, kompyuta inadhani ni alfajiri ya Njombe, inamwaga petroli. Kanyaga mafuta hadi mwisho halafu piga stata. Injini nyingi hukata petroli hapo.

Na nyie wa spea za mtumba Kariakoo, "mita imesoma, iko poa" haitoshi. Imesoma kwa sababu imepoa! Sensa ya waya mbili ipasheni kwa draya ya saluni huku mita imeshika. Namba ikipotea, hiyo ni takataka. Ya waya tatu msipime omu kabla ya kujua aina yake, nyingi hazina koili ya kupimwa hivyo.