Uongozi wa kikundi cha kuhifadhi mto: mzee wa mfongo, binti msomi au mstaafu mwenye jina?

Mfongo_Juu (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za humu. Tuko Kilimanjaro, ukanda wa juu, tuna kikundi cha kutunza chemchemi na mto unaoshuka kuelekea Kikuletwa. Tumekuwa tukifanya mambo kienyeji tu: kupanda miti ya asili kandokando, kung'oa mikaratusi iliyopandwa karibu na chanzo, kugombana na vijana wanaooshea bodaboda mtoni. Sasa amejitokeza mfadhili, anataka tusajiliwe kama shirika na tuwe na viongozi wanaoeleweka. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Majina matatu yako mezani.

La kwanza ni mzee wa mfongo, yaani msimamizi wa mfereji wetu wa asili wa maji. Anajua zamu ya maji ya kila boma, nani aliiba ya jirani usiku, na wapi mfereji unavuja. Akiitisha msaragambo, ile kazi ya pamoja, watu wanatoka na majembe, na asiyetoka analipa faini. Zamani ilikuwa pombe ya mbege, siku hizi ni hela. Ila ripoti kwake ni kukusimulia kwa mdomo.

La pili ni binti wa hapa hapa aliyesoma SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), mambo ya mazingira. Anaandika andiko la mradi likasomeka. Wazee wanasema akipata ajira au akiolewa, ndio basi tena.

La tatu ni mstaafu wa serikali. Akipiga simu wilayani inapokelewa. Anaishi mjini, anakuja mwisho wa mwezi. Na kihamba chake (shamba la migomba la ukoo) kimeshuka mpaka ukingoni mwa mto, ingawa hilo watu wanalisema pembeni tu.

Mngekuwa nyie mngemweka nani juu?

BariaMstaafu

Huyo wa tatu hapana, mkuu. Nimevua Mwanza miaka mingi na nimeziona BMU zetu, vile vikundi vya wavuvi vya kusimamia mwalo (mahali mitumbwi inapotia nanga), zikiendeshwa. BMU ndiyo inayotakiwa kulinda mwalo, kushirikiana na maofisa wa uvuvi kwenye doria, kutoa taarifa za nyavu haramu kama makokoro na timba. Sasa mwenyekiti akiwa tajiri mwenye mitumbwi yake, doria itazunguka ziwa zima ila mwaloni kwake haifiki. Ilipokuja Operesheni Sangara, msako wa serikali dhidi ya uvuvi haramu, mwaka 2018 nyavu zikachomwa, waliolia zaidi ni mabaria, wavuvi vibarua waliokuwa wanatumwa tu.

Mwenye kitu cha kuficha ukingoni usimpe kazi ya kulinda ukingo. Hilo la kihamba msiliseme pembeni, lisemeni kikaoni.

NyarNam

Nikiwa upande wa Kenya, Homa Bay. Huku walijaribu kuziba hiyo shimo kwa kanuni. Kanuni za BMU za 2007 ziligawa viti vya kamati: wenye mashua asilimia 30, mabaria 30, wachuuzi wa samaki 10, na 30 iliyobaki ni ya wadau wengine kama mafundi wa mashua na wanaokausha samaki. Na kamati iwe na wanawake wasiopungua watatu. Sisemi inafanya kazi kila beach, kuna mahali baria anakaa kwa kiti na bado anaongea lugha ya mwenye mashua. Lakini angalau mtu ana karatasi ya kushika akitaka kulalamika.

Kuhusu msomi, msimwogope. OSIENALA, yaani Marafiki wa Ziwa Victoria, ilianza Kisumu 1992 na ilijengwa na watu wa sayansi. Walichofanya cha maana ni kuongea na wavuvi kwa lugha yao, mpaka wakawa na stesheni ya redio. Mama anaanika omena (dagaa) huku anasikiliza habari za ziwa. Msomi wa namna hiyo mpeni kazi kesho.

Kando_ya_Malewa

Mimi ni wa Naivasha na naona swali limewekwa vibaya kidogo. Mnauliza mtu gani. Ulizeni kwanza ni watu wa wapi kwenye huo mto.

Huku kwetu chama cha wenye mashamba ya kando ya ziwa kipo tangu enzi za mkoloni. Kilikuwa na watu wenye elimu, pesa na mawakili. Ziwa likaingizwa kwenye orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, mwaka 1995, na chama kikapewa tuzo ya Ramsar 1999. Kwa karatasi, hakuna uongozi mzuri kuliko huo. Wakaandika mpango wa usimamizi, serikali ikautangaza rasmi 2004, na ukaishia kortini, kwa sababu kulikuwa na watu waliohisi umepangwa bila wao. Mfugaji anayeleta ng'ombe kunywa maji anaona nyasi za ziwa zimejadiliwa na watu ambao hawajawahi kufuga ng'ombe wa kuhama.

Halafu ukaja ukame wa 2009. Ziwa lilirudi nyuma hadi watu wakawa wanatembea mahali palipokuwa maji. Mashamba ya maua yakaogopa, wavuvi wakaogopa, serikali nayo ikaogopa, na 2011 ikaundwa Imarisha Naivasha ili kuweka kila upande kwenye meza moja.

Lakini kwangu somo lenyewe liko juu, si kando ya ziwa. Maji ya Naivasha yanatoka Aberdare kupitia Malewa na Turasha. Mkulima wa Wanjohi akilima mpaka ukingoni, tope linakuja kwetu. Mashirika ya WWF na CARE yalisaidia kuanzisha mpango ambao watumiaji wa chini, wakiwemo wenye maua, wanachangia, na wakulima wa juu wanaotengeneza matuta na kupanda nyasi na miti wanapata vocha za kuchukulia pembejeo dukani. Pesa ilipita kwa vyama vya watumiaji maji, wa chini kwa wa juu. Kiasi kilikuwa kidogo, lakini mkulima wa juu aliacha kuwa mtuhumiwa, akawa mtu wa kukaa naye na kupatana.

Jambo jingine, na hili si rahisi kulisema. Joan Root, aliyekuwa maarufu kwa filamu za wanyama, alianzisha hapa kikosi cha kuzuia uvuvi haramu. Baadhi ya vijana wake ni waliokuwa wavuvi haramu wenyewe. Fedha na maamuzi vilipitia kwake. Aliuawa nyumbani kwake Januari 2006, na walioshtakiwa waliachiliwa na mahakama. Sitaki kuingia kwenye nani na kwa nini. Nasema tu kwamba kazi ya kuwazuia watu riziki yao, hata iwe haramu, isibebwe na uso mmoja. Huyo binti msimtume peke yake kwenda kuwaambia watu waache kulima mtoni.

Sasa Mfongo_Juu, nyie mko juu. Wa chini yenu wako wapi kwenye hayo majina matatu?

Mfongo_Juu

Kando, umenikamata. Hawapo. Wa chini ni wakulima wa mpunga na mboga, na kwa kweli sisi wa juu huwa tunawaona kama watu wa kulalamika tu. Maji yetu yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, yanakwenda kuzungusha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, na hakuna siku tuliyowahi kukaa na mtu wa huko.

Kanuni_na_Katiba

Kabla hamjafika mbali, mnasajili nini hasa? Naona watu wanachanganya vitu viwili.

Jumuiya ya Watumia Maji inaundwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009, na kwenu mlango ni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Jumuiya ndiyo yenye nguvu ya kusimamia mgao na kusuluhisha magomvi ya maji. NGO inasajiliwa kwa Sheria ya mwaka 2002, mnapitia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii, mnahitaji katiba, muhtasari wa kikao wenye sahihi za waliohudhuria, na wasifu wa viongozi. NGO inaweza kupokea fedha, kupanda miti, kuelimisha. Haiwezi kumwambia mtu zamu yako ya maji imekwisha.

Kwa hiyo mzee wa mfongo ana mamlaka ambayo hayataingia kwenye NGO hata mkimpa kiti cha dhahabu. Yanakaa kwenye mfongo, au kwenye jumuiya kama ipo. Ulizeni kwenye Bodi ya Bonde kama eneo lenu lina jumuiya tayari, maana mnaweza kuunda kitu cha pili kikaanza kugombana na cha kwanza.

Na mkipokea zaidi ya shilingi milioni 20, kanuni za 2018 zinataka fedha hizo zitangazwe na mkataba ufike kwa Msajili. Hapo ripoti ya mdomo haitoshi.

Mama_Bomba

Mimi ni mhazini wa chombo cha watumia maji kijijini kwetu, zile CBWSO. Naomba niseme moja kuhusu "akiolewa ndio basi". Mwenyekiti wetu wa kwanza alikuwa mwanaume mwenye familia yake, akapata kibarua mgodini Geita, hatukumwona tena, na ufunguo wa pampu alikwenda nao mfukoni. Hakuna aliyesema wanaume wasichaguliwe kwa sababu wanakwenda mgodini.

Binti akiondoka, swali ni mafaili yako wapi. Kama andiko, orodha ya wanachama na nywila za barua pepe viko kwenye simu yake tu, mmekwisha, hata akiondoka kwa kupanda cheo. Kama kuna daftari ofisini kwa mtendaji, anaingia mwingine.

KalamuNyekundu

Kazi yangu ni kusoma maombi ya vikundi kama chenu, kwa hiyo nisemee upande wa anayetoa hela. Sianzi na wasifu wa mwenyekiti. Naanza na barua ya benki, watia saini ni akina nani. Nikikuta watatu, wawili wana jina moja la ukoo, naweka alama. Kisha nasoma muhtasari wa kikao cha mwisho. Kama kila ajenda imeandikwa "wajumbe waliafiki kwa pamoja", sahihi zote kwa peni moja na mwandiko mmoja, najua kikao hakikufanyika. Nikiona "mjumbe fulani alipinga, akasema miche ya mwaka jana ilikauka kwa kukosa wa kumwagilia", nasogeza kiti karibu.

Ushauri wangu: mzee awe mwenyekiti wa bodi, binti awe mratibu anayelipwa kwa mkataba, mstaafu awe mlezi bila sahihi benki. Mlezi anafungua milango wilayani, basi.

BariaMstaafu

Mlezi bila sahihi sawa. Ila ukimpa ulezi mtu mwenye kihamba ndani ya zile mita 60 za mto zinazolindwa na sheria, umeshakiambia kijiji kizima kwamba sheria ni ya maskini.

Mswahili_Leeds

Nakubaliana na Kalamu. Huku Uingereza mashirika ya hisani ya mito, kama Westcountry Rivers Trust kule Devon na Cornwall, yana utaratibu huohuo. Wadhamini wanakaa juu, kwa kawaida hawalipwi kwa udhamini wao, wao ndio wanaomwajiri mkurugenzi na wanaweza kumwondoa. Shirika likipata zaidi ya pauni 25,000 kwa mwaka lazima lipeleke hesabu Charity Commission, msimamizi wa mashirika ya hisani, na mtu yeyote anazisoma mtandaoni pamoja na majina ya wadhamini. Mkurugenzi anajua jirani yake atazisoma.

Mama_Bomba

Kaka wa Leeds, huku mtandao ukikatika unakatika na siku zake. Bandikeni hesabu kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, karatasi moja, maandishi makubwa: iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki. Watu wa kilabuni watazifanyia ukaguzi bure.

Mfongo_Juu

Nimewasoma wote. Kwanza hela ya kumlipa binti hatuna. Pili, mzee nimemgusia habari ya uenyekiti wa bodi, akaniuliza, "Bodi itasafisha mfereji?" Sikuwa na jibu zuri.

KalamuNyekundu

Mwambie haitasafisha, na ndiyo maana abaki na mfongo wake vilevile. Mshahara wa mratibu uwekeni kwenye bajeti ya andiko, nusu muda kwa kuanzia, wafadhili wengi hawakatai. Wanachokataa ni wenyeviti watano wenye posho.

Kando_ya_Malewa

Na viti viwili vya bodi vya watu wa chini. Si wageni waalikwa, wajumbe wenye kura.

Mfongo_Juu

Viti viwili nitavipeleka kikaoni, najua kelele itakayotokea. Kuhusu kihamba, nilimpigia mstaafu mwenyewe. Nikamwambia Sheria ya Mazingira ya 2004 inazungumzia mita 60 na watu wanamnong'ona. Hakukasirika. Kasema tupime, yuko tayari kung'oa migomba itakayoangukia ndani, kwa sharti moja: tuanzie kwa mzee wa mfongo.

BariaMstaafu

Hahaha! Na mzee kasemaje?

Mfongo_Juu

Kasema kamba iletwe, ila ishikwe na mtu wa chini asiye na ndugu huku. Binti ndiye ataandika vipimo. Jumamosi asubuhi, kabla watu hawajaenda sokoni.