Naombeni ushauri: gemu nachezea kuangalia majengo tu, hiki kitu nikiendeleze vipi?

Mtoto wa Dunda:
Habari zenu wakuu, na wakubwa shikamooni. Mi niko Bagamoyo, nina miaka 22, nimemaliza fomu six nasubiri mambo ya chuo.

Iko hivi, huku mtaani kuna kibanda cha gemu tunalipia kwa saa, wenzangu wakikaa ni mpira mwanzo mwisho, mi zamu yangu ikifika naomba niwekewe Assassin's Creed Unity, ile ya Paris wakati wa mapinduzi ya Ufaransa, na misheni sifanyi. Napanda Notre-Dame mdogomdogo naangalia matao, naangalia mwanga unavyopita kwenye vioo vya rangi, nashuka naingia kwenye nyumba za watu naangalia ngazi, dari, meko, saa inaisha sijagusana na mtu. Wenzangu wanasema nachoma hela.

Sasa kilichonifanya niandike ni kwamba nikitoka pale narudi nyumbani kwa India Street, na nimeanza kuona vitu ambavyo nimepita navyo tangu mdogo sikuwahi kuviona, kwa nini baraza hii iko juu kuliko ile, kwa nini mlango wa huyu una tao la mviringo wa jirani yake umekatwa mraba. Siku nyingine nasimama hadi watu wananiuliza nimepotelewa na nini.

Naomba mnielekeze, nijifunzeje kuangalia vizuri, nicheze gemu zipi? Na kaka ana laptopu, nimeshusha Blender, programu ya kuchora vitu vya 3D, kwa kuwa ni bure, nataka nijaribu kuutengeneza mtaa wetu. Nianzie wapi?

Barabara ya 12:
Dogo karibu, mi niko Tanga, Ngamiani. Usiwasikilize hao. Ushauri wangu rudi kwenye gemu la GTA San Andreas la 2004, hiyo tumeicheza wote kwenye PS2, ila safari hii jiulize kwa nini ulikuwa unaiona kubwa vile. Miji mitatu, jangwa, mlima, kumbe ardhi yenyewe ni ndogo tu, kilichokuwa kinatudanganya ni ukungu na barabara zinazopindapinda, huoni mwisho, kwa hiyo kichwa kinajaza chenyewe. Walipoitoa upya 2021 ukungu wakaupunguza, ukipanda ule mlima, Mount Chiliad, siku ya jua unaona miji iko palepale imebanana, watu walilalamika mpaka wakaurudisha. Mi niliposhtukia hilo ndo nikaelewa kwamba kupanga mahali ni pamoja na kuamua mtu asione nini. Hata huku Ngamiani barabara zimenyooka zina namba, unaona mpaka mwisho, nenda mji mkongwe wowote wenye vichochoro utahisi ni mkubwa mara mbili.

Binti Ramani:
Nasoma usanifu majengo Dar mwaka wa tatu, uzi wako umenigusa kaka angu.

Kwanza hiyo Notre-Dame. Aliyeitengeneza kwenye gemu, Caroline Miousse, alikaa nayo kama miaka miwili, kwa hiyo hela yako haipotei. Lakini ule mnara mwembamba wa katikati unaoupanda haukuwepo wakati wa mapinduzi, wa zamani ulikuwa umeshaondolewa, unaouona ni wa msanifu Viollet-le-Duc, karne ya 19. Nadhani waliuweka kwa sababu bila huo mchezaji ataona kanisa siyo lenyewe. Kanisa lilipoungua Aprili 2019 watu wakawa wanasema lijengwe upya kwa kutumia gemu, haiwezekani, vipimo vya gemu vimeshachezewa.

Na hapa ndo pa kuwa makini na Blender yako. Nyumba zetu za mawe za pwani chumba ni chembamba na kirefu, upana ni kama mita 3 hivi, kwa sababu dari inabebwa na boriti za mikoko na boriti haziendi mbali zaidi ya hapo. Urefu wa mti ndo umepanga maisha ya ndani, kitanda kikae wapi, mgeni aishie wapi. Sasa kwenye gemu ambayo kamera inakaa nyuma ya mgongo wa mtu, ukiingia chumba cha mita 3 kamera inagonga ukuta, ndo maana kwenye gemu nyingi milango ni mipana na dari ziko juu kupita kiasi. Ukitanua chumba ili kamera ipite, umeshaua boriti, na ukiua boriti hiyo siyo Bagamoyo tena. Mi ningefanya kamera iwe macho ya mtu mwenyewe, chumba kibaki kilivyo.

Mzee wa Pwani:
Mdogo wangu, mimi naongea kama mzazi. Chuo kikija nenda kasome kitu cha kueleweka. Majengo ya kwenye skrini hayalali mtu.

Kijana wa Kigamboni:
Mzee shikamoo, kwa heshima zote, hapo Nairobi UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, wanatumia Minecraft, gemu la kujenga kwa vitofali, tangu 2012, walianzia Kibera, wakazi wenyewe wanapanga kwenye gemu uwanja wao uweje halafu wataalamu wanaufanyia kazi. Wapo ambao hawawezi kusoma ramani ila mchoro wa vile vitofali wanauelewa palepale.

Dogo, ukipata nafasi tafuta Discovery Tour ya Assassin's Creed Origins, ya 2018, hakuna vita kabisa, unatembea tu Misri ya kale unaelezwa.

Fundi Chokaa:
Mimi gemu sijui, mwanangu ndo kanionesha huu uzi. Nimekarabati nyumba za mawe miaka mingi. Kama unataka kuuchora ule mtaa angalia ukuta unapoumwa. Maji yanapanda kutoka chini, chumvi inatoka nje, plasta inabanduka kuanzia chini hadi usawa wa goti, juu kwenye mlizamu kuna mstari mweusi wa maji ya mvua. Na palipopigwa saruji juu ya mawe ya matumbawe utapajua, unyevu haupati pa kutokea, ukuta unavimba na kuoza kwa ndani, chokaa inauacha upumue. Mwanangu kaniwekea hiyo Paris nikaona ukuta mchafu, nikamwambia simamisha hapo. Uchafu ule umekaa chini ya dirisha, maji yanapodondokea. Aliyechora yule ameutazama ukuta wa kweli. Usimwage uchafu popote tu.

Mtoto wa Dunda:
Wakuu sijui hata niseme nini, asanteni sana. Mzee wa Pwani nimekusikia baba angu, na maombi ya chuo nimeanza kuyaandaa, kozi ya kwanza nimeweka usanifu majengo.

Jana nimekwenda kwa bibi mzaa mama, nyumba yake ni ya mawe, nikamwomba nipime. Sebule kutoka ukuta hadi ukuta ni mita 2 na sentimita 80, dada Binti uko sahihi kabisa, na boriti nimezihesabu zote, moja wamebadilisha kwa mbao na dari hapo imebonyea kidogo. Ukuta wa nje plasta imetoka hadi kwenye goti langu kama alivyosema Fundi. Bibi mwanzo alidhani nataka kuuza nyumba, nilivyomwonesha kwenye laptopu akakaa kimya akaangalia, halafu akasema pale barazani palikuwa na jiwe jingine, babu yenu alikuwa anakaa hapo, lilivunjika mama yako hajazaliwa.

Sasa naombeni tena, hilo jiwe nilirudishe au nichore baraza kama ilivyo leo?