MREJESHO: PCB au CBG kwa anayelenga udaktari

Wakuu, niliuliza kama mdogo wangu wa Masasi achague tahasusi (mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano na sita) ya PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, au CBG, yaani kemia, baiolojia na jiografia, maana fizikia inamtisha. Ni PCB. MD, shahada ya udaktari, inataka fizikia, kemia na baiolojia, kila moja D kwenda juu, jumla pointi 6. D ni pointi 2, kwa hiyo D tatu zinakufikisha mlangoni tu, nafasi ni za kugombania. Ukipata E ya fizikia, hata A mbili hazikuokoi. S, iliyo chini ya E, ndiyo usiseme. Tahasusi inabadilishwa kwenye Selform, mfumo wa mtandaoni wa TAMISEMI (ofisi ya serikali ya tawala za mikoa na serikali za mitaa), kabla dirisha halijafungwa. Kemia ya vitendo ianze mapema: bureti (mrija wa kupimia kimiminika) inasomwa kwenye sehemu ya chini kabisa ya mkunjo wa kimiminika, macho usawa wake, desimali mbili. Stashahada ya utabibu nayo ni njia, ndefu lakini halali.